Mashua Bapa: Ndogo au Kubwa?

Mkulima wa kando ya Mto Mzinga, Temeke, ukitaka mashua ya alumini yenye kitako bapa, pima kwanza mzigo wako. Kila mita ya mraba ya kitako huzama kadiri ya sentimita 1 kwa kilo 10. Watu wawili na magunia mawili ya mihogo, jumla kilo 240, huizamisha mashua ya mita 3 kwa 1 sentimita 8 zaidi. Ya mita 4 kwa 1.2, sentimita 5 tu. Ndogo ni nyepesi kukokota maji yakipwa. Hiyo yamfaa aendaye peke yake. Mwenye mazao au watoto na achague kubwa. Walakini zote mbili hazina mkuku: kusi ikivuma, usitoke nayo bahari kuu.