Kolta ya Rubaya ndani ya mshipa wa damu

Kolta yenye inatoka Rubaya, kule Masisi, haiendi yote katika telefone. Ndani yake kuna tantali, madini mazito yenye mwili wa mtu haukatai na yenye kuonekana vizuri kwenye picha ya radio. Ndiyo maana wanaitia kwenye ncha za neti ndogo zenye madaktari wanaingiza katika mishipa ya damu iliyoziba. Katika miaka ya 1980, Mjerumani Ernst Strecker alisuka hata neti nzima kwa waya wa tantali.

Kazi yenyewe mchimbaji ataielewa upesi. Mpira wa maji ya kusafishia kolta ukijaa udongo, hamuupasui. Mnapitisha kitu ndani mpaka maji yatembee. Mshipa ni vilevile: tundu dogo kwenye kinena, waya mwembamba, kisha baluni ndogo inayojazwa ili kupanua njia. Tarehe 16 Januari 1964, huko Portland, Marekani, daktari Charles Dotter alizibua hivyo, mbele baluni haijabuniwa, mshipa wa paja wa bibi wa miaka 82 aliyekataa kukatwa mguu. Bibi aliishi zaidi ya miaka miwili akitembea kwa miguu yake.

Sasa tuje kwetu. Mwenye kubeba kilo 50 huko Walikale, shavu la mguu linamuuma akipanda. Akisimama, maumivu yanapotea. Akianza tena, yanarudi. Anawaza ni uchovu. Inaweza kuwa mshipa. Sigara ndiyo adui mkubwa, halafu sukari na tansio. Kuna hata vijana wavutaji wenye vidole vya mguu vinakuwa vyeusi.

Masisi na Walikale chumba cha kazi hii hakiko. Dar es Salaam, Muhimbili, madaktari wanafundishwa kazi ya namna hii tangu 2018. Lakini mbebaji wa mizigo atatoa wapi dola za safari? Kwake, kuchelewa ni kukatwa mguu.

Mama, baba akirudi jioni, weka vidole viwili juu ya mguu wake, katikati ya mgongo wa wayo. Damu inapiga? Linganisha na mguu wa pili. Ukikosa, na mguu uko baridi ao kidonda hakiponi, mwende kituo cha afya wiki hii, na sigara iachwe leo. Mguu ukigeuka baridi na mweupe kwa gafla, musingojee asubuhi: kisha saa sita hivi nyama inaanza kufa.