Kishikwambi: Uzuri wa Mkakasi?

Na mwanachama wa Kidato cha Tatu

Ndugu msomaji, wahenga walinena kuwa uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Methali hiyo niliikariri tangu shule ya msingi na nikaitia katika insha nyingi tu. Lakini maana yake niliionja likizo ya Aprili mwaka huu, siku mama aliponiwekea shilingi elfu hamsini mezani na kuniambia nichague.

Hebu nieleze. Mama yangu ni fundi cherehani. Hushona sare za shule katika kibanda kilicho karibu na steji. Chama chao cha akina mama huchanga pesa kila mwezi na kumpa mmoja wao kwa zamu, na mwezi huo zamu ilikuwa yake. Kwa miaka miwili alikuwa akitamani mashine ya ovaloki, ile inayokata na kuzungushia nyuzi ukingo wa kitambaa usifumuke. Kwa kuwa hakuwa nayo, kila sare aliipeleka kwa jirani na kutozwa shilingi 20. Nami kwa muda uo huo nilikuwa nikimwimbia wimbo mmoja tu: kishikwambi. "Mama, si wenzangu wote wanacho!" nilimwambia. Hapo nilitia chumvi. Wanacho wawili tu.

Mama hakunikemea. "Haya basi, mwanangu," akasema. "Wewe ndiye msomi. Piga hesabu yako yote, halafu uje uniambie kama hicho kitu kinafaa hiyo pesa. Ukinionyesha kinafaa, nitakinunua."

Basi nikaanza kazi. Kwa wasiojua, kishikwambi ni tarakilishi bapa isiyo na kibodi, ambayo mtu huiendesha kwa kugusa kioo kwa kidole. Vya namna hiyo vilikuwepo hapo awali, lakini kilichovipa umaarufu duniani ni iPad ya kampuni ya Apple. Steve Jobs aliizindua mjini San Francisco tarehe 27 Januari 2010, na tarehe 3 Aprili mwaka huo ikaanza kuuzwa Marekani. Ile ya bei ya chini ilikuwa dola 499. Haikuwa hata na kamera! Watu wengi waliuliza: simu ninayo, tarakilishi ninayo, hii ya katikati ni ya nini? Hata leo, anayetaka kununua kishikwambi hana budi kulijibu swali hilo.

Niliyoitamani mimi ni iPad ya kawaida iliyotoka Machi 2025. Kioo chake ni cha inchi 11 hivi, uzito wake gramu 477, yaani haifiki nusu kilo ya sukari, na nafasi yake ya kuhifadhi ni gigabaiti 128. Ilipotoka, bei yake huko Marekani ilikuwa dola 349 kabla ya kodi. Kwa kiwango cha shilingi 129 kwa dola moja, hizo ni kama shilingi 45,000. Nikaruka kwa furaha. Elfu hamsini zinatosha na chenji inabaki!

Ngoja kwanza. Kalamu yake ya bei ya chini iliuzwa dola 79, na kibodi yake dola 249, na vyote viwili havimo katika kile kisanduku kizuri. Ukijumlisha unapata dola 677, karibu shilingi 87,000. Bei imekaribia kuwa maradufu, na hapo hujakisafirisha, hujalipa ushuru wala VAT ya asilimia 16 ya hapa kwetu, na muuzaji naye hajaweka faida yake. Kweli, zipo kibodi za bei nafuu za kampuni nyingine, na unaweza kuandika kwa kidole bila kibodi yoyote. Binamu yangu ambaye ni mwalimu ana kishikwambi, nami nilijaribu kuandikia insha humo. Kibodi ya kwenye kioo ilifunika karibu nusu ya ukurasa. Aya mbili tu, shingo ikaniuma, nikarudia kalamu na karatasi.

Hata hivyo, lazima niseme ukweli: kifaa chenyewe si kipande cha mti. Kwa kusoma, hakuna kinachokishinda. Ukikigusa kinaamka papo hapo. Binamu yangu ameweka humo kamusi, vitabu na karatasi za mitihani ya miaka mingi, mzigo ambao ungejaza sanduku langu la shule. Nyanya yetu, ambaye hajawahi kugusa tarakilishi maishani, alijifunza kufungua picha za wajukuu kwa dakika tano tu. Usahili huo nao una bei yake, tusiubeze. Isitoshe, kifaa kikitunzwa vyema hudumu. iPad ya kawaida ya mwaka wa 2017 iliendelea kupokea mifumo mipya hadi ule wa 2022. Ile ya kwanza kabisa ya 2010 iliishia kwenye mfumo wa 2011. Kwa hivyo anayenunua cha mkono wa pili aulize kwanza ni cha mwaka gani, asije akanunua king'aacho nje na kilichozeeka ndani. Na akumbuke kwamba iPad haina mahali pa kutia kadi ya kuongeza nafasi. Nafasi uliyonunua siku ya kwanza ndiyo hiyo hiyo.

Baada ya hapo nikajiuliza: kitanifanyia kazi gani hasa? Sisi ndio kundi la mwisho lililofanya KCPE, mwaka wa 2023, na mambo ya vishikwambi tuliyaona tungali wadogo. Mwaka wa 2016 serikali ilianza mradi wa kuwapelekea wanafunzi wa darasa la kwanza vishikwambi. Vya shule yetu vilifika tukiwa darasa la pili. Lo! Tulivigusa kwa zamu siku hiyo, kisha vikafungiwa kabatini. Sikumbuki hata somo moja nililojifunza humo. Sasa linganisha na sensa ya Agosti 2019. Karani alikuja kwetu na kishikwambi mkononi badala ya rundo la fomu. Akauliza, akagusa kioo, akaenda zake nyumba ya pili. Watu 47,564,296 walihesabiwa, na matokeo ya kwanza yakatangazwa Novemba mwaka huo huo. Vyote viwili ni vishikwambi, bana, lakini cha karani kilikuwa kimepangiwa kazi.

Changu je? Shule yetu ni ya bweni na vifaa hivyo haviruhusiwi. Ningekitumia wakati wa likizo tu, kama miezi mitatu kwa mwaka. Miezi tisa kingelala kabatini kama vile vya darasa la pili. Na likizoni penyewe kingetaka bando, kifuniko na, Mungu apishe mbali, kioo kipya kikianguka.

Kwa maoni yangu basi, mwenzangu, kabla hujamsumbua mzazi, jiulize maswali matatu. Kwanza, utakitumia siku ngapi kwa mwaka? Pili, utasoma au utaandika? Anayesoma sana au kuchora kitamfaa. Anayeandika kurasa nyingi heri atafute kipakatalishi. Tatu, hiyo pesa ingefanya kazi gani nyingine? Hili la tatu ndilo ambalo dukani hawatakuuliza.

Niliandika hesabu yangu yote nyuma ya daftari la Hisabati, nikampelekea mama. Nikamwambia anunue ovaloki. Alinitazama kwa muda. "Una hakika? Usije ukaninunia likizo nzima." Nilimwambia nina hakika. Kusema kweli nilinuna, lakini siku moja tu.

Mashine ilikuja wiki iliyofuata. Sasa mafundi wengine wa pale steji ndio wanaomletea mama sare zao, na zile shilingi 20 zinaingia badala ya kutoka. Muhula huu wa pili niliripoti shuleni na karo yote mkononi, jambo ambalo halikuwahi kutokea tangu kidato cha kwanza. Siku ya kuondoka mama aliniambia, "Wacha hii mashine ijilipe kwanza. Kisha tutaongea mambo ya kishikwambi."

Nami nangoja. Bado nakitaka.