Mfuga Kozi kama Mpelelezi: Swali la Mamlaka katika Riwaya za Thomas Finbow

Katika Kiswahili, neno mpelelezi hubeba dhana mbili: jasusi atumwaye na dola, na mtu afumbuaye fumbo la jinai. Uingereza ya Malkia Elizabeth wa Kwanza (1558–1603) ilimjua vyema yule wa kwanza. Francis Walsingham, waziri wa malkia, alikuwa na majasusi hadi Ulaya bara. Yule wa pili hakuwapo. Kitengo cha makachero katika polisi ya London kiliundwa mwaka 1842, mwaka mmoja tu baada ya Edgar Allan Poe kuchapisha hadithi ihesabiwayo kuwa chimbuko la utanzu huu. Kwa hiyo, mwandishi wa leo anayeweka mauaji katika kijiji cha karne ya 16 hana budi kujibu swali linalotangulia lile la nani ameua: ni nani mwenye haki ya kuuliza?

John Pilkington, katika mfululizo ulioanza na The Ruffler's Child (2002), alimpa kazi hiyo Thomas Finbow, mfuga kozi wa jumba la bwana mmoja huko Berkshire. Uteuzi huo si pambo. Sheria ya mwaka 1572 ilimhesabu mtu mwenye nguvu asiye na ardhi wala bwana kuwa mzururaji, na adhabu yake ilikuwa kuchapwa viboko na kutobolewa sikio kwa chuma cha moto. Mtu wa kawaida hakuweza kuzunguka akihoji watu. Mfuga kozi aliweza: kazi yake ilimpeleka nyikani na vichakani, kisha ikamrudisha ukumbini mwa bwana wake, ndege akiwa mkononi.

Vyombo rasmi vilikuwapo, lakini dhaifu. Kifo cha ghafla kilichunguzwa na afisa wa taji pamoja na baraza la wazee, ambao walipaswa kuutazama mwili wenyewe. Konstebo wa parokia alikuwa mwanakijiji asiyelipwa mshahara. Hakimu wa amani, aliyewahoji washukiwa na kuandika maelezo yao, kwa kawaida alikuwa mwenye ardhi wa eneo hilohilo. Mshukiwa akiwa jirani yake, au shemeji yake, haki iegemee wapi? Hapa ndipo riwaya ya aina hii hupata uzito wake, si katika mavazi na mishumaa.

Ufundi wenyewe nao hutoa mantiki ya uchunguzi. Kozi hafunzwi kwa kipigo. Mfugaji humpimia chakula, humvika kikofia cha ngozi, hukesha naye usiku, na porini humtafuta kwa mlio wa njuga zilizofungwa miguuni mwake. Mtu aliyezoea kusubiri hivyo na kusoma dalili ndogo anasadikika kama mchunguzi bila kukopeshwa sayansi ya karne ya 19. Hatari ipo, hata hivyo: sitiari ya mwindaji na windo iko karibu mno, na mwandishi akiiegemea kila sura, humchosha msomaji.

Ulinganisho na riwaya ya Kiswahili unaangaza tofauti moja. Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, aliyejitokeza katika Mzimu wa Watu wa Kale (1960), ana kiko chake, ana rafiki yake Najum, na hana bwana. Nasaba yake ni ya Sherlock Holmes: akili huru inayoingia katika nyumba za watu kwa heshima iliyokwisha kupata. Finbow ni mtumishi. Anachokijua hakina nguvu mpaka mwenye cheo akikubali. Na akimtaja muungwana kwa makosa, atakayepoteza kazi, makazi na kinga dhidi ya ile sheria ya 1572 ni yeye mwenyewe. Ufumbuzi wa Bwana Msa hukamilika anapoueleza, ilhali wa mfuga kozi hungoja bado kusikilizwa.