Ametundikiwa chupa ngapi?

Mtu akitoka hospitali kumjulia hali mgonjwa, swali linalomngoja nyumbani huwa ni hilo hilo: ametundikiwa chupa ngapi? Akijibu tatu, nyuso zinalegea. Akijibu hajatundikiwa hata moja, hakosi mjomba wa kuuliza kama hospitali ile ina madaktari kweli. Wapo hata wanaoingia zahanati na uchovu tu, wakaomba dripu ya kuongeza nguvu, wakalipa, wakalala saa mbili wakitazama matone, wakatoka wamepona. Wamepona nini, hakuna anayeuliza.

Tusiwacheke. Imani hiyo ilitoka kwa madaktari, na madaktari nao walikuwa na sababu zao. Mwaka 1832, kipindupindu kilipokuwa kikiua watu Uingereza, daktari mmoja wa mji wa Leith huko Scotland, Thomas Latta, aliwaingizia maji ya chumvi mishipani wagonjwa waliokuwa wamekauka kabisa, na akaona baadhi yao wakirudiwa na uhai mbele ya macho yake. Hesabu yake haina utata: aliyepoteza maji arudishiwe maji.

Tatizo lilianza pale hesabu hiyo ilipohamishwa kutoka kuhara kwenda kwenye maradhi mengine. Maambukizi makali, yawe ya malaria, nimonia au bakteria walioingia kwenye damu, humfikisha mgonjwa kwenye hali ambayo madaktari huiita shoki: damu haifiki inavyotakiwa kwenye ubongo, figo na viungo vingine. Ikaonekana jambo la wazi kwamba mishipa ijazwe maji haraka ili damu isukumwe. Mwaka 2001 Emanuel Rivers na wenzake wa Detroit, Marekani, walichapisha utafiti wa wagonjwa 263 waliofika hospitali wakiwa na hali hiyo. Waliopewa tiba kali ya saa sita za mwanzo, ikiwamo maji mengi, walikufa asilimia 30.5, waliopata huduma ya kawaida walikufa asilimia 46.5. Maji ya haraka yakawa kanuni katika nchi tajiri, kwa wakubwa na kwa watoto.

Katika hospitali zetu kanuni hiyo ilifuatwa kwa kusuasua. Wodi ya watoto ina nesi mmoja kwa vitanda vingi, mashine ya kupumulia haipo, na daktari anaogopa kumjaza mtoto maji kisha mapafu yakamshinda. Wengi waliamini kuwa woga huo unaua watoto. Profesa Kathryn Maitland, daktari wa watoto wa Imperial College London ambaye amefanya kazi Kilifi kwa miaka mingi, alikuwa na kila sababu ya kudhani hivyo. Utafiti wake mdogo wa awali kwa watoto wenye malaria kali ulionyesha kuwa aina moja ya maji, yenye protini iitwayo alibumini, huenda ikaokoa zaidi kuliko maji ya chumvi. Kilichobaki ni kuthibitisha.

Jaribio hilo, lililopewa jina FEAST, lilianza Januari 2009 katika hospitali sita: Kilifi nchini Kenya, Hospitali Teule ya Muheza mkoani Tanga, na nne za Uganda, yaani Mulago, Mbale, Soroti na Lacor ya Gulu. Maitland hakuwa peke yake. Walikuwapo Sarah Kiguli wa Makerere, George Mtove wa Muheza, Peter Olupot-Olupot wa Mbale na wengine wengi. Walilenga watoto 3,600 wa kuanzia siku 60 hadi miaka 12, wenye homa kali na dalili kwamba damu haizunguki sawasawa.

Dalili hizo hazihitaji mashine. Nesi anabonyeza ukucha wa mtoto mpaka uwe mweupe, anaachia, anahesabu. Sekunde moja, mbili. Zikifika tatu wekundu haujarudi, kuna jambo. Kisha anapitisha kiganja mguuni, kutoka unyayoni kupanda gotini, akitafuta mahali baridi inapoishia na joto linapoanza, maana mtoto huyu kifua kinaunguza lakini nyayo zake ni za baridi. Mwisho anashika kifundo cha mkono na kutafuta mapigo, ambayo ama hayashikiki vizuri ama yanakwenda mbio kupita kiasi.

Hapo bahasha ilifunguliwa. Zilikuwa bahasha zisizopenya mwanga, zenye namba, na kilichomo ndani kilipangwa kwa kura mapema ili daktari asichague nani apate nini. Kundi la kwanza lilipewa alibumini kwa haraka, la pili maji ya chumvi kwa haraka. Mtoto wa kilo 10 alipata mililita 200 ndani ya saa ya kwanza, na baadaye kiwango kikapandishwa hadi 400. Kundi la tatu halikupewa maji ya haraka. Lakini halikuachwa hivi hivi: lilipata antibayotiki, dawa ya malaria, sukari na oksijeni kwa aliyehitaji, na dripu ya polepole ya kumtunza mtoto asiyeweza kunywa. Mgeni akipita wodini angeona chupa imening'inia juu ya kila kitanda, na asingejua nani yuko kundi gani.

Kuna waliohoji ridhaa ilipatikanaje. Mama aliyefika na mtoto anayekoroma huwezi kumpa kurasa nne za kusoma. Kamati za maadili zilikubali aelezwe kwa ufupi na aridhie kwa mdomo, kisha maelezo kamili yafuate hali ikishatulia. Wapo wanaoona hilo ni jambo la hatari. Mimi naona njia mbadala ni mbaya zaidi, kwa sababu ingemaanisha watoto walio hoi kuliko wote watibiwe milele kwa kubahatisha, kwa kuwa tu wazazi wao hawana nafasi ya kusoma fomu.

Januari 2011 kamati huru iliyokuwa ikikagua takwimu ilishauri utafiti usimame. Walikuwa wamefikia watoto 3,141, na kilichoonekana kilikuwa kinyume cha kilichotarajiwa. Ndani ya saa 48 walikuwa wamekufa watoto 111 kati ya 1,050 waliopewa alibumini, na 110 kati ya 1,047 waliopewa maji ya chumvi. Katika kundi lisilopewa maji ya haraka walikufa 76 kati ya 1,044. Kwa asilimia ni 10.6, 10.5 na 7.3. Yaani katika kila watoto mia waliowahiwa na maji, kulikuwa na vifo vitatu zaidi, na alibumini ya bei kubwa haikuwa na nafuu yoyote kuliko maji ya chumvi.

Takwimu inayonikaa kichwani zaidi si hizo za vifo. Watafiti walirudi kuwapima watoto baada ya saa moja, kuona dalili za shoki zimeondoka kwa wangapi. Kwa waliopewa maji ya haraka zilikuwa zimeondoka kwa asilimia 43. Kwa wasiopewa, asilimia 32. Maji yalionekana kufanya kazi! Daktari aliyesimama pale kitandani angeona mapigo yakirejea na nyayo zikipata joto, angemwambia mama kwamba mtoto anaendelea vizuri, na angekuwa anasema kweli kwa kadiri ya alichokiona. Kesho yake mtoto akifa, lawama zingekwenda kwa malaria, au kwa mama aliyechelewa kumleta. Daktari huyo angeweza kufanya kazi miaka thelathini, mwangalifu na mwenye huruma, asigundue. Tofauti ya vifo vitatu kwa mia haionekani kwa jicho la mtu mmoja.

Matokeo yalichapishwa Mei 2011 katika jarida la New England Journal of Medicine, na upinzani ukaanza mara moja. Wengine walisema watoto wale hawakuwa na shoki ya kweli. Wengine walisema zaidi ya nusu walikuwa na malaria, hivyo matokeo hayahusu ugonjwa mwingine. Watafiti wakafungua takwimu upya. Watoto waliotimiza vigezo vyote vikali vya shoki vya Shirika la Afya Duniani (WHO) walikuwa 65 tu. Kati yao, waliopewa maji ya haraka walikufa asilimia 48, wasiopewa asilimia 20. Idadi ni ndogo na haiwezi kubeba uzito peke yake, lakini mwelekeo haukubadilika. Na kila walikogawanya, kwa malaria, kwa umri, kwa upungufu wa damu, hawakupata kundi ambalo maji yalilisaidia.

Kwa nini basi maji yanaua? Wengi walikisia kwamba mapafu yalijaa. Uchambuzi wa mwaka 2013 ulionyesha kwamba sivyo hasa: vifo vya ziada vilitokana zaidi na moyo na mzunguko wa damu kuporomoka saa kadhaa baadaye. Mwaka 2019 kundi la Michael Levin wa Imperial College lilipitia takwimu zile zile na kuona kwamba maji yalidhoofisha upumuaji na ubongo, kloridi iliyomo kwenye chumvi iliongeza asidi mwilini, na damu ilizimuliwa. Hili la mwisho ni zito kwetu, kwa kuwa karibu theluthi moja ya watoto wale walifika wakiwa na upungufu mkubwa wa damu. Zipo pia hoja kwamba nyayo za baridi ni namna mwili unavyojitetea, unaibana mishipa ya pembeni ili damu kidogo iliyopo iende kwenye moyo na ubongo. Tunapouharakisha mwili uiachie, huenda tunaunyang'anya silaha.

Linganisha na kilichotokea miezi michache tu kabla. Novemba 2010 ilichapishwa ripoti ya jaribio la AQUAMAT, lililofanyika katika nchi tisa za Afrika, Muheza na Kilifi zikiwamo, kwa watoto 5,425 wenye malaria kali. Kwinini, dawa ya mababu, iliyopitishwa kwenye dripu kwa saa nyingi, ilishindanishwa na sindano ya atesunati. Waliopewa kwinini walikufa asilimia 10.9, waliopewa atesunati asilimia 8.5. Mwaka uliofuata WHO ikapendekeza atesunati kwa watoto, na ndiyo inayotumika leo wodini. Hakuna aliyegombana sana. FEAST ilionyesha tofauti kubwa zaidi ya hiyo, lakini kitabu cha WHO cha mwaka 2013 cha kutibu watoto hospitalini bado kiliendelea kushauri maji ya haraka, na waliofanya utafiti walilalamika waziwazi. Mwongozo uliobadilika ulitoka 2016: mtoto mwenye dalili moja au mbili tu asipewe maji ya haraka, mwenye shoki kamili apewe kiasi kidogo na taratibu zaidi, mwenye upungufu mkubwa wa damu aongezewe damu. Kuwapa madaktari dawa mpya ni rahisi. Kuwaambia waache kitu ambacho mikono yao imeshazoea ni habari nyingine.

Na watu wazima? Hospitali ya Chuo Kikuu cha Zambia, Lusaka, ilijaribu kwa wagonjwa 212 wenye maambukizi makali na presha iliyoshuka, wengi wao wakiishi na VVU. Waliowekwa kwenye utaratibu wa maji mengi ya mapema pamoja na dawa za kupandisha presha walikufa hospitalini asilimia 48.1, waliopata huduma ya kawaida, asilimia 33. Hayo yalichapishwa mwaka 2017. Hata kule Marekani, Uingereza na Australia, majaribio matatu makubwa ya mwaka 2014 na 2015 hayakuona faida ile ya Detroit.

Msomaji asije akachomoa dripu ya mwanawe. Watoto wa kuhara hawakuingizwa kwenye FEAST, wala walioungua. Mgonjwa wa kipindupindu aliyekauka bado anaokolewa na maji ya mshipa, kama enzi za Latta, na mwenye kuhara kwa kawaida anaokolewa na ORS. Na dripu ya taratibu kwa asiyeweza kunywa ina kazi yake. Lililokataliwa ni kumwagia maji kwa kasi mtoto mwenye homa ambaye hakupoteza maji.

Kisha kuna kundi ambalo kwa miaka mingi lilikatazwa dripu karibu kabisa: watoto wenye utapiamlo mkali. Mwongozo ulisema moyo wao ni dhaifu, hivyo wakiharisha wanyweshwe maji kwa mdomo au kwa mrija wa puani, na mshipa uguswe tu mtoto akiwa kwenye shoki. Kanuni hiyo ilisimama zaidi juu ya hofu kuliko majaribio. Maitland, Olupot-Olupot na wenzao wakaijaribu kwa njia ile ile ya kura, kwa watoto 272 wa Uganda, Kenya, Niger na Nigeria. Ndani ya saa 96 walikufa asilimia 8 ya walionyweshwa na asilimia 7 ya waliotundikiwa dripu, na hakuna aliyeonyesha dalili za moyo kushindwa au mapafu kujaa maji. Matokeo yalitoka mwaka 2025. Safari hii wanaotakiwa kubadili mazoea ni wale waliokuwa wakimkatalia mtoto dripu, na mrija wa puani, ambao mtoto huuchomoa na nesi huurudisha usiku kucha, umepata mshindani.