Vitambuzi vya Mtoto Aliyeachwa Garini
Katika miezi ya Septemba, Oktoba na Novemba, kabla ya mvua kushuka, jua la Lilongwe, Malawi, huwa kali hata hewa ya kivulini ikafikia nyuzi 30 za sentigredi na pengine kuzipita. Na majira hayo hayo barabara ya kwenda Dowa hupitisha magari mengi yaendayo Dzaleka, makazi ya wakimbizi yaliyofunguliwa mwaka 1994, hasa siku za tamasha la Tumaini, ambalo limefanyika huko tangu 2014, aghlabu mwezi wa Novemba. Gari likisimamishwa juani na madirisha yake yamefungwa, miale hupenya vioo ikaviunguza viti na dashibodi, navyo hutoa joto lisiloweza kutoka nje kwa wepesi ule lilioingia nao. Wataalamu wa Marekani waliochapisha utafiti wao mwaka 2005 walipima wakaona kwamba joto la ndani hupanda kwa wastani wa nyuzi 22 katika saa moja, na kwamba asilimia 80 ya ongezeko hilo hupatikana katika nusu saa ya kwanza. Ama kushusha kioo kidogo, tegemeo la wazazi wengi, hakukuleta nafuu ya kutajika. Mwili wa mtoto hupata joto upesi mara tatu hadi tano kuliko wa mtu mzima, na ukifika nyuzi 40 uhai wake umo hatarini.

Huko Marekani watoto wapatao 37 hufa kwa joto ndani ya magari kila mwaka, takriban nusu yao wakiwa wamesahauliwa na watu wanaowapenda. Nasihi yangu ni kwamba tusiharakishe kuwalaumu. Mwanasaikolojia David Diamond, wa Chuo Kikuu cha South Florida, ameeleza kuwa kumbukumbu ya mazoea, impelekayo mtu kazini pasipo kufikiri, huweza kuishinda ile itunzayo azma ya jambo litakalofanywa baadaye, hasa mtu akiwa hakulala au safari yake ya kila siku imebadilika. Hapo akili humthibitishia mzazi kwamba mtoto amekwisha fikishwa, ilhali amelala kiti cha nyuma.

Ndiyo maana magari huwekewa vitambuzi vya kumkumbusha dereva. Cha kwanza kuenea hutazama milango tu: mlango wa nyuma ukifunguliwa kabla ya safari, dereva akizima injini husikia kengele na kusoma onyo la kumtaka aangalie nyuma. Ni rahisi, lakini hakimjui mtoto. Tena, takriban robo ya watoto wafao huko Marekani waliingia wenyewe garini wakicheza, na kengele ya namna hii haina habari nao. Nami ninapofikiria watoto wa Dzaleka wanaocheza nje mchana kutwa, na magari mabovu yakaayo miezi katika gereji za Lilongwe bila kufungwa, naona hatari hii ndiyo iliyo karibu nasi zaidi. Italia, tangu mwaka 2019, imewalazimisha wenye magari kuweka kifaa cha onyo kwenye kiti cha mtoto asiyetimia miaka minne. Sheria njema, ila kwetu mtoto aghlabu hupakatwa na mamaye, na kiti chenyewe hakipo.

Kilicho bora ni rada. Chombo kidogo darini mwa gari hutoa mawimbi ya gigahezi 60 hivi, yapitayo blanketi na nguo, yakampiga mtoto na kurudi. Na kwa kuwa kifua chake hupanda na kushuka kila avutapo pumzi, mawimbi yarudiayo hubadilika kidogo sana, nacho chombo huyatambua mabadiliko hayo hata mtoto akiwa usingizini. Gari hupiga honi, huwasha taa, au hupeleka habari katika simu ya mwenyewe. Shirika la Euro NCAP, lipimalo usalama wa magari Ulaya, lilianza kutoa alama kwa vitambuzi hivi mwaka 2023, na tangu 2025 halivihesabu ila vile vimtambuavyo mtoto mwenyewe. Uamuzi huo naukubali kabisa.

Magari mengi ya Malawi, hata hivyo, yamekwisha tumika Japani kabla ya kuvuka bahari, na umri wake umetangulia vyombo hivi. Mwenye gari la namna hiyo na alifunge hata likiwa uani, ufunguo auweke mbali na watoto, na kila amchukuapo mtoto aweke kiti cha nyuma kitu ambacho hawezi kushuka bila kukichukua: simu, mkoba, au kiatu cha mguu wa kushoto.

Japani yenyewe, baada ya watoto wa shule za chekechea kufa ndani ya mabasi mwaka 2021 na 2022, iliamuru kuanzia Aprili 2023 kwamba mabasi hayo yawe na chombo cha usalama, na aina moja hulia injini izimwapo, isinyamaze mpaka dereva aende nyuma kabisa kubonyeza swichi, akipita kila kiti njiani. Yamkini mabasi hayo nayo yatauzwa huku yakichakaa. Na fundi atakayeletewa moja kwa sababu linapiga kelele kila linapozimwa, asiukate waya ule.