Fumbo la tumbili lililowashinda wageni

KATIKA biashara ya mpakani, neno moja laweza kukuchelewesha siku nzima. Anayevuka Namanga anajua: upande mmoja utauliza matatu, upande wa pili daladala. Watunzi wa michezo ya kompyuta nao walikutana na somo hilo, tena kwa tumbili.

Michezo yenyewe ni ile ya hadithi, ambayo mchezaji hubofya vitu kwenye skrini, akaviokota na kuvitumia ili avuke vikwazo. Kila kikwazo ni fumbo. Mlango umefungwa, ufunguo uko wapi?

Mwaka 1991 kampuni ya LucasArts ya Marekani ilitoa mchezo wa Monkey Island 2: LeChuck's Revenge, ulioongozwa na Ron Gilbert. Ndani yake shujaa, Guybrush Threepwood, anatakiwa kuzima maporomoko ya maji yanayoendeshwa na pampu. Spana hana. Jibu? Ni tumbili anayepiga piano katika baa, aliyepumbazwa kwa ndizi hadi akakauka kama ubao. Shujaa anamtia mfukoni, kisha anamtumia kufungia pampu.

Kwa Mmarekani kichekesho hicho kina mantiki, maana kwao aina moja ya spana huitwa "monkey wrench", yaani spana ya tumbili. Mwingereza, ambaye kwake kifaa hicho ni "spanner", alibaki akikuna kichwa, sembuse Mjerumani au Mtaliano. Ni kama kumtega mgeni kwa "spana malaya" ya mafundi wa Tanzania. Atajuaje kwamba ni ile inayobana nati za kila saizi?

La ajabu ni kwamba Gilbert huyo huyo, mwaka 1989, alikuwa ameandika makala ya kukemea mafumbo ya uonevu. Alishauri kwamba mchezaji aone tatizo kwanza, ndipo apate kitu cha kulitatua; asilazimike kufa ndipo ajifunze; wala asikwame kwa kuacha kitu mahali asipoweza kurudi.

Uonevu wa aina hiyo ulikuwamo katika King's Quest V ya kampuni ya Sierra, ya mwaka 1990. Mfalme Graham ana njaa, na mfukoni ana pai. Akiila, mchezo umekwisha, ila mchezaji haambiwi. Mbele yake hutokea zimwi la theluji, na silaha ni pai ile ile, ya kurushwa usoni. Mtu aweza kuhangaika saa nyingi bila kujua kwamba alishashindwa zamani.

Hapo ndipo penye tofauti. Fumbo zuri, ukionyeshwa jibu, unasema: "Kumbe!" Fumbo baya linakufanya uulize: "Ningejuaje?" Kitendawili cha nyumba isiyo na mlango hakina mlalamikaji, kwa sababu kila anayetegwa ameshaliona yai.