Risasi Nene na Risasi Nyembamba: Fizikia ya Bunduki za Masoko

Ukitoka Tukuyu mjini na kuteremka upande wa Ziwa Nyasa, utafika Masoko, penye ziwa dogo lililojaa ndani ya kasoko ya volkano. Kando yake lipo boma la mawe la Wajerumani, ambamo ilikaa kampuni ya tano ya askari wa koloni. Septemba 1914 askari hao walivuka mto Songwe kwenda kupigana Karonga. Mei 1916 majeshi ya Waingereza yaliitwaa Tukuyu, ambayo wakati huo iliitwa Neu-Langenburg. Wenyeji husimulia kwamba Wajerumani, kabla ya kuondoka, walitupa fedha na silaha ziwani. Hadithi hiyo tuwaachie wanahistoria. Sisi tuzitazame silaha zenyewe kwa jicho la fizikia.

Vita vilipoanza, kampuni nyingi za askari katika koloni zilikuwa bado zikitumia bunduki ya Mauser ya mfano wa 1871. Tundu la mtutu wake lilikuwa na upana wa milimita 11, na risasi yake ilikuwa pande la madini ya risasi lenye gramu 25 hivi, likitoka kwa mwendo wa mita 430 hivi kwa sekunde. Kampuni nyingine zilikwisha kupewa Mauser ya mfano wa 1898. Risasi ya hiyo ilikuwa na upana wa milimita 8 tu na uzito wa gramu 10, lakini ilikwenda karibu mita 880 kwa sekunde.

Ipi yenye nguvu zaidi? Mwanafunzi ataona kwamba neno “nguvu” halitoshi. Tukizidisha tungamo kwa mwendokasi tunapata momenta: risasi nene ina 10.75, na nyembamba 8.8, kwa kipimo cha kilogramu-mita kwa sekunde. Hapa nene imeshinda. Lakini nishati mwendo ni nusu ya tungamo mara mwendokasi wa kipeo cha pili. Kwa hesabu hiyo nene ina jouli 2,300 hivi, na nyembamba jouli 3,870 hivi. Mwendokasi unapozidishwa kwa wenyewe, wepesi wa risasi hausumbui tena.

Momenta ndiyo inayoonekana begani. Bunduki ya 1871 ilikuwa na kilo 4.5, ukigawanya 10.75 kwa 4.5 unapata kwamba ilirudi nyuma kwa mita 2.4 kwa sekunde, hata kabla ya kuhesabu gesi ya baruti. Nishati na mwendokasi vinaonekana kwenye shabaha. Tuseme bunduki zote mbili zimelazwa sawasawa na ardhi, tena tusahau ukinzani wa hewa. Risasi nene itafika mita 200 baada ya sekunde 0.47, ikiwa imeanguka zaidi ya mita moja. Nyembamba itatumia sekunde 0.23, nayo itaanguka sentimita 25 tu. Askari wa bunduki ya zamani alilazimika kukisia umbali kwa uangalifu mkubwa, la sivyo risasi ilichimba udongo miguuni mwa adui.

Kisha kulikuwa na moshi. Baruti nyeusi ni mchanganyiko wa shura sehemu 75, makaa 15 na kiberiti 10. Inapoungua, zaidi ya nusu ya uzito wake haigeuki gesi, bali hubaki vumbi la chumvi kama kabonati ya potasiamu. Vumbi hilo ndilo wingu jeupe lililomwonyesha adui askari alipojificha. Baruti mpya hutengenezwa kwa nitroselulosi, ambayo karibu yote hugeuka gesi.

Lakini unene na wepesi haviwezi kukutana? Huweza. Mwaka 1909 Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu katika urais wa Marekani, alikuja Afrika Mashariki kuwinda, akiwa na bunduki ya Winchester ya mwaka 1895. Bunduki hiyo haivutwi komeo. Mpigaji hushusha na kupandisha wenzo ulio chini ya kitako, ganda tupu likaruka na risasi mpya ikaingia. Risasi yake ilikuwa na upana wa milimita 10 na zaidi, gramu 19.4, na mwendo wa mita 670 kwa sekunde. Roosevelt aliipenda sana kwa simba. Jumla ni momenta 13 na jouli 4,350, na kwa kuwa bunduki ilikuwa na kilo 3.8 hivi, bega ndilo lililolipa.

Utengenezaji wa risasi upya kwa mkono nao umewahi kufanyika nchini mwetu, tena kwa wingi. Aprili 1915 meli ya Kijerumani Rubens ilishambuliwa katika ghuba ya Mansa, karibu na Tanga, ikazama kwenye maji ya kina kifupi. Risasi kwa mamilioni ziliopolewa, zimelowa maji ya bahari. Huko Moshi askari na wapagazi walishinda miezi kadhaa wakizifungua moja moja, kusafisha baruti, na kubadili baadhi ya fataki. Nitroselulosi haiyeyuki katika maji, kwa hiyo iliweza kuokolewa. Ingalikuwa baruti nyeusi, shura yake ingaliyeyuka na kwenda zake. Hata hivyo, risasi zilizopelekwa vitani zilikataa kulia karibu moja katika kila tano. Zilizokuwa mbaya zaidi ziliachwa kwa mazoezi, na risasi kavu za zamani zikawekwa kwa ajili ya bombomu.

Jambo hili lina uzito hata leo, kwa sababu ya magobore. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 haimruhusu mtu kuwa na silaha bila leseni, lakini magobore ya kienyeji hayajatoweka. Mwenye gobore huzoea kupima baruti nyeusi kwa kisoda au kiganja. Siku moja anavunja risasi ya kisasa, anachukua kipimo kile kile cha nitroselulosi. Kipimo hicho kina nishati nyingi zaidi. Tena nitroselulosi huungua haraka zaidi kadiri kanieneo inavyopanda, na kuungua huko huipandisha zaidi. Bomba la maji halikutengenezwa kustahimili hali hiyo. Hupasuka upande wa nyuma, palipo na baruti, na hapo ndipo ulipo uso wa mpigaji.